Rimoti Iko kwa Nani? Maswali Yenu ya King'amuzi, Mpira na Bando

Meseji za mwezi huu zimenijaa mpaka simu imeanza kunung'unika, na karibu zote zinazunguka palepale, king'amuzi, kifurushi, bando, nani kafunga nini. Nimechagua chache, nyingine nimezikata maana kuna ndugu yangu mmoja ameandika kurasa nne kuhusu rimoti iliyopotea, pole sana kaka lakini angalia kwenye kochi.

Shikamoo mwandishi. Mume wangu kanunua TV flati ya inchi 43 Kariakoo, muuzaji kamwapia kabisa kwamba hii ina king'amuzi humo ndani, hamtalipia kitu maisha. Tumefika home tumesachi chaneli inaandika hakuna mawimbi. Tumepigwa? – Mama Wawili, Mbagala

Marahaba mama. Mmepigwa nusu tu. TV nyingi za siku hizi kweli zina kidaka mawimbi cha dijitali ndani, chukua boksi lake usome ubavuni, ukikuta DVB-T2 basi inadaka mawimbi ya mnara, ukikuta na S2 basi inaweza kuchomekwa na dishi moja kwa moja. Sasa hapo ndipo muuzaji alipokata sentensi katikati. Kudaka ni kitu kimoja, kufungua ni kingine. Chaneli ambayo mwenye mnara ameifunga kwa kadi, TV yako itaiona jina lake likipita kwenye listi, utaibonyeza, utapata giza na kamchoro ka kufuli. Zile ambazo hazijafungwa ndo zitaonyesha.

Ila kwa hiyo "hakuna mawimbi" mi nahisi tatizo ni dogo zaidi. Ingia kwenye menyu ya kusachi, utakuta inakuuliza antena, kebo au setelaiti. TV nyingine zikitoka kwenye boksi zinakuja na kebo, watu wanabonyeza sawa sawa sawa bila kusoma, inasachi dakika kumi inarudi na sifuri. Weka antena. Halafu na hiyo antena iwepo kweli, siyo ule waya wa sentimita tano uliokuja na boksi, na tafadhali sana msianze habari za mfuniko wa sufuria, nimeona nyumba Mbagala hiyohiyo mfuniko umefungwa kwa waya juu ya mti wa mpapai na bado picha inakwama. Nunueni antena ya UHF ya nje, elekezeni upande ambao majirani wameelekeza, basi.

Mkuu mimi nina hasira. Marehemu baba alikuwa na antena moja ya mabomba, anaangalia ITV, Channel Ten, TBC yote bure, hakulipa hata mia. Leo kifurushi kikiisha nyumba nzima inakuwa kama msibani. Hivi ni nani aliyekubali hii dijitali na alimuuliza nani? – Mwenye Hasira, Morogoro

Mkuu hasira yako naielewa, na swali lako ndo bora kuliko yote ya mwezi huu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hakuulizwa mtu. Mwaka 2006 nchi zilikaa Geneva chini ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, zikakubaliana kwamba mwisho wa kulindwa kwa mitambo ya analojia, ile ya zamani, isiingiliwe na mawimbi ya jirani, ni tarehe 17 Juni 2015. Huku kwetu tukasema sisi hatusubiri. Dar ikazimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, halafu mwaka 2013 ikafuata miji mingine kwa zamu, Dodoma na Tanga, Mwanza, Arusha na Moshi, Mbeya, kila mmoja na tarehe yake.

Ule usiku wa Dar naukumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa kwa mjomba Manzese, TV ya chogo iko juu ya kabati la vyombo, tumekusanyika kusubiri mwaka mpya, watoto wamekaa chini kwenye mkeka. Mjomba alikuwa amekataa katakata kununua king'amuzi, anasema hawa wanatisha tu, hawawezi kuzima, watawaangalizia nani matangazo yao? Imefika saa sita, watu tunapiga kelele hepi nyuu yia, kugeuka kwenye TV ni chenga. Chenga tupu, ile sauti ya shhhhh. Mjomba akainuka akaipiga TV kofi ubavuni kama tulivyozoea, chenga. Akabadilisha chaneli zote, chenga. Akakaa kimya, halafu akasema "kesho nenda kaulize bei". Kesho yake ilikuwa sikukuu, maduka mengi yamefungwa, keshokutwa kwenye duka la ving'amuzi ilikuwa foleni.

Sasa sababu waliyotupa ilikuwa picha safi na chaneli nyingi, na siyo uongo, masafa yaliyokuwa yanabeba kituo kimoja cha analojia yanabeba zaidi ya kumi kwa dijitali. Ila kuna sehemu ambayo haikuimbwa sana kwenye matangazo. Ukibana vituo vyote kwenye kona ndogo, ile sehemu kubwa inayobaki inakuwa wazi, na ni sehemu nzuri sana, mawimbi yake yanafika mbali na yanapenya ukuta, na kampuni za simu zinaililia dunia nzima. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ikapiga mnada masafa ya megahezi 700. Yani njia ileile ambayo marehemu baba alikuwa anapitishiwa taarifa ya habari bure, leo inapitisha bando, na unalinunua. Mi sisemi ni wizi, intaneti ya simu tunaihitaji na mimi bila hiyo nisingekuwa napokea hasira zako. Nasema tu kwamba kitu kilitoka mkononi mwako kikaenda kuuzwa kwa pesa nzuri, na wewe uliyetoka kwenye hiyo nafasi ukaambiwa kanunue boksi kwa pesa yako. Kuna nchi serikali iliwapa watu kuponi za kununulia ving'amuzi, Marekani walifanya hivyo, kuponi za dola 40. Sisi tulipewa jingo ya redioni.

Halafu usisahau 2018 hiyohiyo. Wenye dishi walikuwa wanaona ITV, Star TV, Channel Ten, Clouds kupitia Azam, DStv na Zuku, mwezi wa nane TCRA ikasema hapana, leseni zenu ni za kulipia na hizo chaneli ni za bure, za bure zinatakiwa ziwe kwa wale wenye leseni ya minara tu, zitoeni. Kwa maandishi walikuwa sahihi kabisa, hata mi nilisoma nikasema kweli leseni inasema hivyo, maana malalamiko ya wananchi yalikuwa kwamba mtu anaangaliaje chaneli ya bure kwa kulipia. Ila matokeo yake sebuleni yakawa kinyume, mtu mwenye dishi tayari akaambiwa ili uone taarifa ya habari ya saa mbili nunua king'amuzi kingine. Nyumba ikawa na ving'amuzi viwili, rimoti tatu, na soketi moja.

Na kwenye hao wenye minara, StarTimes yenyewe hapa nchini ni ubia, TBC ina asilimia 35 na Wachina 65. Kwa hiyo ukiuliza rimoti iko kwa nani, anza hapo.

Niaje ndugu. Huku kwetu Kenya 2015 tulikaa bila Citizen, NTV, KTN na QTV karibu wiki tatu. Shemeji yangu mpaka leo asema ni serikali iliyozima, mimi nasema ni wenye vituo waliogoma. Tumebishana miaka yote hii, tuamulie. – Mbishi wa Kisauni, Mombasa

Poa sana ndugu. Mpelekee shemeji habari hii: nyote wawili mna haki, na nyote mna makosa.

Serikali iligawa leseni mbili za kusambaza mawimbi, moja kwa Signet ambayo ni ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, nyingine kwa PANG, kampuni ya Wachina, na wenye vituo ambao wamejenga nchi nzima minara yao kwa miaka wakaambiwa mpande gari la watu. Wakakataa, wakaenda kortini mpaka Mahakama ya Juu, mwishoni wakapata leseni yao kwa jina la ADN lakini wakasema mbona muda hautoshi, hatujaagiza mitambo. Mamlaka ya Mawasiliano ikasema tarehe haisogei. Tarehe 14 Februari 2015, Valentine eti, watu wa mamlaka wakaenda na polisi Limuru, ilipo mitambo ya vituo, wakaizima. Kwa hiyo shemeji yako, analojia ilizimwa na serikali, hilo ni lake.

Lakini wewe nawe unalo lako. Vituo vingeweza kuendelea kuonekana kupitia ving'amuzi vya wengine siku ileile, vikaamua kubaki giza mpaka mitambo yao iwake, mwanzoni mwa Machi. Na kabla ya hapo walikuwa wanarusha matangazo kuwaambia watu wasinunue ving'amuzi fulani wasubiri vya kwao, mpaka mamlaka ikawanyang'anya leseni kwa muda. Walisema wanalinda kazi zao zisibebwe bila ruhusa, na kuna ukweli humo, mtu anajaza boksi lake la kuuza kwa taarifa zako za habari halafu hakulipi chochote, hata mi ningenuna. Ila mtazamaji aliyekuwa katikati hakuwa na kesi kortini.

Mi kilichoniuma zaidi ya hizo wiki tatu ni kitu kingine kabisa. Kenya ilizindua dijitali mapema sana, Desemba 2009, kwa DVB-T. Baadae wakahamia DVB-T2, ambayo king'amuzi cha zamani hakiidaki. Sasa yule mtu mtiifu aliyesikia rais akizindua akakimbia kununua king'amuzi cha kwanza, kikawa tofali. Aliyekaidi akasubiri ndiye aliyenunua mara moja. Ukitaka kujua kwa nini watu wetu hawakimbilii teknolojia ikitangazwa na wizara, usiwaite washamba.

Mwandishi hivi kwa nini mechi ya Simba na Yanga siwezi kuiona bure wakati zile timu ni za wananchi? Kibandaumiza wanachukua buku, na kuna joto humo mpaka mtu unatoka umepungua kilo. – Mtoto wa Jangwani, Dodoma

We mtoto wa Jangwani kwanza pole kwa joto. Ni biashara. Azam Media mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho letu la soka, mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu, na mi sitaki kusikia mtu anawatukana kwa hilo, kabla ya hiyo pesa kulikuwa na timu za ligi kuu zinasafiri na basi la kukodi usiku kucha halafu zinacheza mchana. Pesa hiyo imenunua nyasi, kamera, na hata ule mzozo wako wa kila wiki wa ofsaidi, zamani ungebishana na nini, hakuna marudio.

Ila swali lako lina mlango mwingine na huo sijaona serikali ikiugonga. Uingereza kwenye sheria yao ya utangazaji ya 1996 kuna orodha ya michezo ambayo haiwezi kufungiwa kwenye TV ya kulipia peke yake, Kombe la Dunia limo, Olimpiki imo, fainali ya FA imo. India 2007 walitunga sheria kwamba mechi kubwa za taifa, hata kama kampuni binafsi ndo imenunua, lazima igawane mawimbi na televisheni ya umma. Afrika Kusini nao mamlaka yao ICASA ina kanuni za namna hiyo. Ligi ya kila wiki haimo, hiyo mlipe au mwende kibandani, lakini timu ya taifa, fainali, hayo ni ya wote.

Sasa AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Uwanja utakuwa ni wa kodi yako, barabara ya kwenda uwanjani ya kodi yako, polisi wa kukupanga foleni wa kodi yako. Hapo ndo ningependa nione mtu na mhuri wake akisema Stars wakicheza, antena ya mabomba itaona. Wamekuwa na nguvu ya kuniambia dishi lipi lisiwe na ITV, nguvu hiyohiyo waielekeze huku.

Broo mi dereva wa lori, nakata Mutukula kwenda Kampala kila wiki mbili. Nilivyovuka miaka ile WhatsApp ilikuwa inakataa mpaka ulipe, nikafundishwa VPN, ile programu ya kuifanya simu ionekane iko nchi nyingine, tangu hapo sijaitoa. Sasa naambiwa VPN inakula bando na ni kosa. Nitoe? – Tairi Kumi na Nane, Kagera

Broo ulikumbana na ile kodi ya OTT, yani kodi ya mitandao ya kijamii. Museveni aliandika barua mwaka 2018 akilalamika kuhusu lugambo, yani umbea wa mitandaoni, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo kila aliyetaka WhatsApp, Facebook au Twitter alipe shilingi 200 za Uganda kwa siku. Watu wakafanya hesabu, wakaona VPN ya bure ni nafuu, nchi nzima ikawa eti iko Uholanzi. Mwaka 2021 wakaifuta, wakaweka asilimia 12 kwenye bando lenyewe, huko VPN haikusaidii kitu maana unakatwa dukani kabla hujawasha data. Na Facebook waliifunga Januari 2021 kwenye uchaguzi, intaneti ikarudi baada ya siku chache, Facebook haikurudi nayo.

Kula bando, ndio, inaongeza kidogo, siyo kama wanavyokutisha. Kinachokumaliza wewe ni zile video zinazojicheza zenyewe ukiwa umelala kwenye foleni ya mpakani, nenda kwenye setingi uzizime, na masasisho ya programu weka yafanyike kwenye waifai tu.

VPN ya bure ndo naogopa. Kila unachofungua kinapita mlangoni kwao, saiti gani, saa ngapi, na mtu anayekuhudumia bure miaka yote hii anakula wapi? Miamala ya benki usifanye humo. Upande wa sheria, Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo kwamba anayetumia VPN ajitokeze kuitolea taarifa kabla ya tarehe 30 mwezi huo, walilenga zaidi kampuni ila tangazo halikumwacha mtu. Na Mei 2025 X, yani Twitter ya zamani, ilivyofungwa huku kwetu, maelezo yakiwa ni picha za ngono, nadhani hukuwa peke yako uliyekumbuka ule ujuzi wa Kampala. Mi siwezi kukuambia kwenye gazeti vunja sheria. Naweza kukuambia kwamba mpaka mmoja hadi mwingine kitu kilekile ni halali, kosa, halali, na wewe unavuka na simu ileile mfukoni, kwa hiyo ukikaribia geti angalia ni programu gani iko wazi.

Nataka kufungua onlaini TV ya vichekesho, nina simu, mwanga wa duara na wasanii watatu. Nimeambiwa leseni milioni mbili. Kweli? – Kijana wa Songea

Hiyo milioni mbili na kidogo ni ya kanuni za 2018, laki moja ya maombi, milioni ya leseni, milioni ya kila mwaka, na ilizima watu wengi kabla hawajawaka. Zilirekebishwa 2022, mzigo wa leseni ukabaki zaidi kwa wanaorusha habari na matukio. Wewe wa vichekesho usikae ukisikiliza watu wa kijiweni, wapigie TCRA ofisi ya kanda yenu uwaulize ukiwa umewaeleza unarusha nini hasa. Na siku kichekesho chako kinaanza kuigiza kikao cha baraza la mawaziri, wapigie tena.

Mwanangu, nina TV ya chogo nimeinunua 2004, nzima kabisa, rangi zake kama jana. Wajukuu wananicheka, wanataka niitupe. Inashika king'amuzi? – Bibi wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo bibi. Inashika, na usiitupe. Wakati wa kununua king'amuzi mwambie muuzaji akigeuze akuonyeshe mgongo, tafuta matundu matatu, njano, nyeupe, nyekundu, maana siku hizi kuna vyenye tundu la HDMI peke yake na hicho kwa chogo hakifai. Vingine vina tundu moja dogo la duara na waya wake maalumu, nalo sawa ilimradi waya wenyewe umo kwenye boksi. Njano ndo picha, nyeupe na nyekundu sauti, na kama TV yako ina tundu moja tu la sauti chomeka nyeupe, nyekundu iache ining'inie. Halafu kwenye rimoti ya TV bonyeza AV. Picha ikitokea bila rangi, ingia menyu ya king'amuzi uweke PAL.

Na ile antena ya zamani iliyoko kwenye mnazi mwambie mjukuu anayecheka kuliko wote apande aiangalie. Kama ina vijiti vifupi vifupi vingi ni UHF, bado inafanya kazi, abadilishe waya tu.